Tulipoanza Kuelewa Tunachojibu

Sisi tuliozaliwa Ungoni mwanzoni mwa miaka ya hamsini, tukalelewa chini ya misheni ya Wabenediktini wa Peramiho, tumesali Misa za aina mbili katika maisha yetu. Ya kwanza ilikuwa ya Kilatini, padre akielekea altare na kutupa mgongo. Ya pili ni hii ambayo wajukuu wangu wanadhani imekuwako tangu siku ya Pentekoste. Kati ya hizo mbili ilipita miaka ya mabishano, furaha, machozi, na kurasa nyingi za Biblia zilizofunuliwa na mikono isiyozoea kuzifunua. Mabadiliko yalipoanza nilikuwa mtumikiaji altareni. Yalipokwisha kuota mizizi nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi. Waliokuwa watu wazima wakati ule wengi wametangulia mbele ya haki.

Naandika kwa sababu nasikia habari hii ikisimuliwa visivyo. Husimuliwa kwamba wakubwa wa Roma walilegeza masharti ili watu wajisikie vizuri kanisani. Mimi niliona jambo jingine kabisa. Niliona Maandiko Matakatifu yakiingia kanisani kwa lugha inayosikika, yakakaa katikati yetu, yakaanza kutuuliza maswali. Tangu hapo kusali kukawa kugumu kuliko zamani.

Kwanza niitendee haki Misa ya zamani, maana vijana huicheka na sipendi. Ilikuwa na heshima ambayo siku hizi naitafuta kwa shida. Watu walitoka vitongoji vya mbali kabla ya mapambazuko. Ingawa mwaka 1957 Papa Pius XII alikwisha kupunguza mfungo wa komunyo ukawa saa tatu, wazee wetu waliendelea kufunga tangu usiku wa manane, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa walipobatizwa. Kengele ndogo ilipolia wakati wa mageuzo, hata watoto wa mgongoni walinyamaza. Wazee wasiojua kusoma waliimba Missa de Angelis yote kwa kichwa. Sisi watumikiaji tulikariri Confiteor kabla hatujaweza kuandika barua ya Kiswahili. Tuliisema upesi, bila kukosea, na bila kujua tunaungama nini.

Bibi yangu mzaa baba hakukosa Misa hata wakati wa masika, na Misa nzima alisali rozari. Padre alikuwa na sala zake kule altareni, bibi alikuwa na zake kwenye benchi, na kengele ndiyo iliyowakutanisha. Masomo ya Jumapili yalikuwa ya mzunguko wa mwaka mmoja, Waraka na Injili, yakisomwa kwa Kilatini. Injili ndiyo padre aliyotusomea tena kwa Kiswahili kabla ya mahubiri. Agano la Kale lilisikika Jumapili kwa nadra sana. Mkristo aliweza kuzeeka kanisani bila kumsikia nabii Amosi. Nyumbani tulikuwa na katekisimu na kitabu cha sala. Biblia hatukuwa nayo, ingawa baba yangu alikuwa katekista wa kigango.

Biblia ya kwanza ililetwa na mjomba. Mama alikuwa mtu wa Liuli, kwenye Ziwa Nyasa, ambako watu wengi ni Waanglikana tangu enzi za misheni ya UMCA. Yeye aliingia Ukatoliki alipoolewa. Kaka yake alikuja kututembelea na mzigo wa dagaa wa ziwani, na ndani ya mfuko wake wa nguo mlikuwa na Biblia ya Kiswahili, ile iliyotolewa mwaka 1952. Jumapili alikwenda nasi kanisani kwa heshima. Jioni, baada ya chakula, akamgeukia baba.

“Shemeji, usinichukie. Hata sisi kwetu tuna ubani na mavazi na mishumaa. Lakini nimekaa kanisani kwenu asubuhi nzima nikawa natazama watu wakijibu. Wanajibu nini?”

“Wanamjibu Mungu,” baba akasema.

“Na wanajua wamemwambia nini?”

Akafungua Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, akasoma taratibu. Humo Mtume Paulo anauliza mtu asiyeelewa maneno ya shukrani ya mwenzake ataitikiaje Amina. Wewe unashukuru vizuri, anasema, lakini mwenzako hajengwi. Baba hakuwa mtu wa kushindwa haraka. Alisema kwamba Paulo pale anazungumzia karama ya kunena kwa lugha, si lugha ya ibada iliyopangwa na Kanisa; na kwamba mama yake hajui maneno lakini anajua kinachotendeka altareni, pengine kuliko wasomi wengi. Mjomba akakubali la pili. La kwanza akalipinga: karama inayotoka kwa Roho Mtakatifu mwenyewe Paulo ameitaka ifafanuliwe mbele ya watu, sembuse lugha ambayo wanadamu wameichagua? Walibishana hadi mafuta ya chemli yakapungua, kisha wakacheka, wakalala. Mjomba alipoondoka aliiacha ile Biblia. Alisema ataichukua safari nyingine, na safari nyingine ilipofika hakuna aliyeikumbusha.

Wakati ule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kufunguliwa, tangu Oktoba 1962. Kardinali Laurean Rugambwa, mtu wa Kagera, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati zetu, alikuwa miongoni mwa waliokaa katika vikao vile, na habari hiyo peke yake ilitufanya watoto wa misheni tutembee vifua mbele. Tarehe 4 Desemba 1963 maaskofu walipitisha hati juu ya Liturujia: kura 2,147 za ndiyo, 4 za hapana. Hati hiyo iliruhusu lugha za watu zitumike. Iliagiza pia kwamba hazina za Biblia zifunguliwe kwa wingi zaidi kwa ajili ya waamini, na kwamba waamini washiriki kwa kujua na kwa kutenda, wasikae kama wageni wanaotazama. Baba alirudi kutoka semina ya makatekista akiwa na maelezo ya hati hiyo katika daftari, akakaa na daftari upande mmoja na Biblia ya shemeji yake upande wa pili. Siku ile sikumsikia akibishana na mtu.

Machi 7, 1965, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, Papa Paulo VI aliadhimisha Misa kwa Kiitaliano katika parokia ya Ognissanti huko Roma. Kwetu mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua: masomo kwanza, halafu majibu ya watu, na baada ya ruhusa ya 1967 ikafuata Sala ya Ekaristi yenyewe. Altare ilisogezwa kutoka ukutani. Padre akatugeukia, na wengi wetu tuliona kwa mara ya kwanza uso wa mtu anayesali Misa.

Mahubiri ya paroko siku ya kwanza ya masomo ya Kiswahili sijayasahau. Alikuwa Mjerumani, si kijana, na nadhani moyoni Kilatini kilimwuma kukiacha. Hakusema “Roma imeamua”. Alitupeleka Nehemia sura ya 8. Watu wamerudi kutoka uhamishoni Babeli; wamekusanyika mbele ya Lango la Maji, wanaume, wanawake na wote wenye umri wa kuelewa; Ezra anasoma Sheria tangu asubuhi hadi adhuhuri, na Walawi wanapita kati ya watu wakiwaeleza maana. Watu wanalia, kwa sababu wameelewa. Halafu akatueleza jambo ambalo baba hakulijua: kwamba Wakristo wa kwanza wa Roma walisali kwa Kigiriki, na Kilatini kiliingia katika ibada yao baadaye, kikashika kabisa katika karne ya nne, kwa sababu Kigiriki hakikueleweka tena na watu wa kawaida. Kilatini nacho, kwa hiyo, kiliwahi kuwa lugha ya sokoni iliyoingizwa kanisani ili watu waelewe. Akamaliza kwa kutuonya kwamba wale waliolia mbele ya Ezra waliagizwa pia wawapelekee chakula wasiokuwa nacho.

Kiswahili nacho hakikuwa lugha ya bibi. Alikisikia nusu nusu. Kwa hiyo baba alipewa kazi ya Walawi: baada ya masomo alisimama pembeni akaeleza kwa Kingoni kwa ufupi. Bibi hakupenda mwanzoni. Alilalamika kwamba rozari yake inakatizwa kila mara. Baada ya muda lalamiko likabadilika. Alimwambia baba kwamba zamani alimwachia padre azungumze na Mungu kwa niaba yake, na sasa anazungumziwa yeye mwenyewe, naye ni mzee, atafanya nini na maneno yote hayo? Baba alimjibu kwamba hata Ana binti Fanueli alikuwa mzee hekaluni. Bibi akataka asomewe habari za huyo Ana. Akasomewa zaidi ya mara moja.

Ugomvi mkubwa ulikuja na ngoma. Nyimbo zetu nyingi zilikuwa za Kijerumani zilizovalishwa maneno ya Kiswahili. Tuni iliburuza silabi ambayo Kiswahili huipitia haraka, na kumeza ile inayopaswa kusikika. Padre Stephen Mbunga, mwana wa Ungoni hii hii, alikwisha kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1963 juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akionyesha kwamba muziki wetu una nafasi katika ibada, na mwenyewe alitunga Misa kwa mtindo wa kwetu. Hati ya Mtaguso ilisema wazi kwamba muziki wa mataifa ya misheni upewe heshima yake. Kwa hiyo vijana wa kwaya, nikiwamo mimi, tukaomba ngoma ziingie.

Waliopinga hawakuwa Wazungu. Walikuwa wazee wetu wenyewe. Mzee mmoja alisimama kwenye mkutano wa kigango akasema kwamba alipobatizwa aliambiwa achague ngoma au Kristo, akachagua Kristo, na uamuzi ule ulimgharimu ndugu. Sasa mnataka kunileteaje ndani ya kanisa kile nilichokiacha nje? Hakuna kijana aliyepata jibu. Ngoma yetu ya lizombe ilichezwa kwenye pombe, usiku, na yeye alijua yaliyofuata.

Baba ndiye aliyefungua Biblia, na aliisoma kwa haki, pande zote mbili. Alisoma Zaburi ya 150, ambamo Mungu anasifiwa kwa matari, kwa vinanda na kwa matoazi. Alisoma habari za Miriamu na wanawake wenzake baada ya kuvuka bahari, na za Daudi akicheza mbele ya Sanduku la Agano huku mkewe Mikali akimdharau dirishani. Vijana tukaanza kutabasamu. Ndipo akafungua Amosi sura ya 5, ambapo Mungu anasema hataki kusikia kelele za nyimbo zao wala sauti ya vinanda vyao, anataka haki itiririke kama maji. Akafunga kitabu. Akasema Mungu hakuzikataa ngoma, na hakuahidi kuzikubali. Amekataa watu wanaopiga kinanda vizuri na kumdhulumu jirani. Akamgeukia yule mzee, akamwambia, “Baba, wewe uliacha ngoma kwa sababu ya Kristo. Anayetaka kuileta kanisani ailete kwa sababu hiyo hiyo, au aiache.”

Tulikubaliana ziwambwe ngoma mpya kwa ajili ya kanisa, zisipigwe mahali pengine. Na yule mzee akaombwa achague siku. Alichagua Pasaka. Mwaka 1969 Papa Paulo VI alifika Kampala, akawaambia Waafrika kwamba wanaweza na wanapaswa kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Tuliposikia habari hiyo kwetu ilikuwa kama kupokea barua ya kututhibitishia jambo ambalo wazee wetu walikwisha kulipima kwa Maandiko, kwa uchungu, na wakalipokea.

Mwisho wa mwaka huo huo, Jumapili ya kwanza ya Majilio, kukaanza matumizi ya kitabu kipya cha Misa, na pamoja nacho mpangilio mpya wa masomo: matatu kila Jumapili, la kwanza mara nyingi likitoka Agano la Kale, mzunguko wa miaka mitatu; Mathayo, kisha Marko, kisha Luka, na Yohana akigawiwa hasa Kwaresima na Pasaka. Wachambuzi huyaita haya mabadiliko ya kitaalamu. Kwetu yalikuwa tetemeko. Maandiko ambayo hakuna aliyeyachagua, wala paroko wala mzee wa kigango, yalianza kufika kwa zamu yake, na hatukuwa na namna ya kuyakwepa.

Septemba 1973 ulifika Waraka wa Yakobo, sura ya 2. Wakati huo nilikuwa nimeanza kufundisha, na siku ile msomaji nilikuwa mimi. Ni mahali pale Yakobo anapowauliza Wakristo: akiingia kwenu mtu mwenye pete ya dhahabu na nguo nzuri, mkampa mahali pazuri, na maskini mkamwambia asimame kule au akae chini, je, hamjawa waamuzi wenye mawazo mabaya? Sasa, kanisani kwetu benchi mbili za mbele zilikuwa na egemeo, na zilikuwa za watumishi wa serikali, makarani, wenye maduka na sisi walimu. Waliobaki walikaa kwenye mabenchi ya mbao tupu, na waliochelewa kutoka mbali, wengi wao wajane wenye watoto, walikaa sakafuni karibu na mlango. Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka mingi na hakuna aliyeona ajabu. Nilisoma somo lile nikiwa nimesimama hatua chache kutoka kwenye zile benchi mbili. Nilipofika kwenye maneno juu ya kukaa chini, kanisa zima likageuza macho mbele. Padre alihubiri juu ya Injili, ile ya kiziwi aliyefunguliwa masikio, na hakugusa benchi. Hakukuwa na haja.

Jumapili iliyofuata mwenye duka mmoja alikaa nyuma. Hakutangaza. Mwezi ulipokwisha benchi za mbele zikawa za wazee wasioona vizuri na wasiosikia vizuri, na hivyo zikakaa kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata, Septemba tena, akaja Amosi mwenyewe Jumapili, na wale wanaongoja sabato ipite ili wauze nafaka kwa vipimo vidogo na mizani ya udanganyifu. Ulikuwa msimu wa kuuza mazao. Nani asiyejua mizani ilikuwaje? Watu walitoka kanisani kimya, lakini jioni ile vijijini kulizungumzwa mizani tu.

Palepale pa Wakorintho 14, ambapo mjomba alianzia, ndipo tulipopata mtihani mwingine. Mwaka 1970 Roma iliruhusu wanawake wasome masomo katika Misa. Kwetu ruhusa hiyo ilikaa bila kutumiwa mpaka alipohamia mwalimu wa kike shuleni kwetu, msomaji hodari kuliko sisi sote. Jina lake lilipopendekezwa, wanaume wakatoa sura ile ile iliyotutetea tulipotaka lugha yetu, wakasoma mbele kidogo, ambapo Paulo anasema wanawake wanyamaze katika makusanyiko. Ilikuwa sura ile ile, na sasa ilikuwa mikononi mwa upande mwingine.

Hapo ndipo niliposhuhudia jumuiya ikijifunza kusoma Biblia nzima badala ya mstari mmoja. Mabishano yalichukua wiki kadhaa. Mwanamke mmoja mtu mzima, muuza pombe aliyeongoka, ndiye aliyeuliza kwa nini sura tatu nyuma, katika ya 11, Paulo huyo huyo anatoa utaratibu wa mwanamke anaposali na kutoa unabii mbele ya kusanyiko. Ikiwa ananyamazishwa, utaratibu ule ni wa nini? Mwingine akakumbusha kwamba katika Warumi 16 Paulo anamkabidhi kwao Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Kwamba Priskila pamoja na mumewe walimfundisha Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na kwamba habari ya ufufuko Bwana alimtuma Maria Magdalena ampelekee nani? Mitume. Baba, ambaye hapo mwanzo alikuwa upande wa wakataaji, alisema kwamba Paulo katika sura ile anapigania jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani kila kitu kifanyike ili kanisa lijengwe na kwa utaratibu. Mwanamke anayesoma vizuri analijenga. Mwanamume anayesoma akigugumia kwa sababu ya jinsia yake tu, analijenga nini?

Mwalimu yule akasoma. Kilikuwa kipande cha Isaya. Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye ile benchi ya mbele, aliniambia baadaye kwamba siku ile hakuhitaji kuelezwa kwa Kingoni. Mwaka 2021, Papa Fransisko alipoifungua rasmi huduma ya usomaji kwa wanawake, na miezi michache baadaye akaifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa, nilitamani baba angekuwapo.

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki katika umoja wao wa AMECEA waliazimia kuzijenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na kwetu azimio hilo lilikuta watu wamekwisha kuanza kuona njaa ya Neno. Tulikutana nyumba kwa nyumba, jirani kwa jirani, tukasoma Injili ya Jumapili inayokuja. Miaka iliyofuata tulipata njia ya hatua saba kutoka Lumko, Afrika Kusini, miongoni mwake kusoma, kurudia kwa sauti neno lililokugusa, kukaa kimya, kushirikishana, kisha kuuliza jumuiya inatakiwa kufanya nini. Swali hilo la kufanya nini ndilo lililotuuma. Siku tuliposoma jinsi Wakorintho walivyokula Meza ya Bwana huku mmoja ana njaa na mwingine amelewa, mtu alitaja kwamba hatua chache kutoka tulipokaa kuna mjane ambaye shamba lake limeingia magugu tangu mumewe alazwe kaburini. Kesho yake tulilima. Hatukuona tunafanya tendo la huruma. Tuliona tunaimalizia Misa.

Baadaye nilisoma jinsi Mtakatifu Yustino, shahidi wa katikati ya karne ya pili, alivyoeleza kusanyiko la Jumapili: kumbukumbu za Mitume na maandiko ya manabii yanasomwa kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi anahimiza, wote wanasimama kusali, mkate na divai vinaletwa, watu wanaitikia Amina, na wenye nacho wanatoa kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Nilipomaliza kusoma nilitambua kigango chetu. Njia ya Emau ilikuwa hivyo pia: kwanza Bwana alifafanua Maandiko barabarani, mioyo ikawaka, ndipo mkate ukamegwa na macho yakafunguka.

Leo nasali katika kanisa kubwa la mjini, lenye vipaza sauti na kinanda cha umeme. Nasikia vijana wakibishana: wengine wanataka Kilatini kirudi, wengine wanataka mapambio na kucheza zaidi. Siwazuii. Nimependa Missa de Angelis na nimependa ngoma za Pasaka. Lakini nawaomba wakipime wanachokitaka kwa maswali mawili tuliyojifunza kwa Paulo: je, watu watalisikia Neno la Mungu na kulielewa? Na je, aliye mdogo kuliko wote kati yetu atapata mahali pake? Kilatini kinachopita maswali hayo kina nafasi. Pambio lisilopita halina, hata likisisimua vipi.

Kwa maswali hayo hayo nina huzuni na baadhi ya mambo ninayoyaona. Naona masomo matatu yakisomwa mbio na mtu aliyeshika kitabu kwa mara ya kwanza mlangoni, kisha matangazo ya michango yakachukua muda kuliko masomo na mahubiri kwa pamoja. Naona mtoaji mkubwa akiitwa mbele na kupigiwa makofi karibu na altare. Naona viti vya wageni rasmi vilivyofunikwa vitambaa vimepangwa mahali ambapo kwetu walikaa wasiosikia vizuri. Waraka wa Yakobo bado unakuja kwa zamu yake kila mwaka wa tatu. Umeandikwa kwa Kiswahili chepesi, na hakuna anayeweza kusema hakuelewa.

Kwa hiyo wewe unayesoma masomo Jumapili hii, lisome somo lako Alhamisi, uwasomee watu wa nyumbani kwako, umwulize yule ambaye hakusoma shule amesikia nini. Kama hakusikia kitu, rudia mpaka asikie. Na wewe unayekaa kwenye benchi, usiitikie Amina kabla hujajua umekubali kufanya nini. Ukishajua, itikia kwa sauti, halafu nenda ukafanye.